Ndege Hizi Zimetoka Kambi Gani? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ndege za Kivita Zinazopita Juu ya Viwanja vya Michezo Marekani

Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho wa wimbo wa taifa, kamera inaelekezwa juu, na ndege nne za kivita zinapita kwa kishindo kinachotikisa viti. Ukihesabu moja mpaka sita, zimeshapotea nyuma ya jukwaa. Mtangazaji anasema "Jeshi la Anga la Marekani", kisha anarudi kwenye mpira. Kwa watu wengi hapo mambo yamekwisha. Kwa baadhi yetu ndipo maswali yanapoanza: zimetoka kambi gani, nani amezituma, na usiku huo zinalala wapi?

Majibu yapo, wala si siri ya jeshi. Yanataka subira, jicho zuri na kujua pa kutazama. Mwongozo huu ni wa aliyeko jukwaani Dallas au Minneapolis, na ni wa aliyeko sebuleni Dar es Salaam au Mombasa akikesha hadi saa nane na nusu usiku ili Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ianze.

Kabla ya kuanza: ndege hizi hupatikanaje

Usipoujua utaratibu huu utatafuta mahali pasipo. Watu hudhani kwamba ligi imezikodi, au kwamba zimetoka uwanja wa jeshi ulio karibu, au kwamba ipo kambi maalumu ambayo kazi yake ni kupita juu ya viwanja. Dhana zote tatu zinapotosha.

Mwandaaji wa mchezo ndiye anayeomba. Anajaza Fomu DD 2535, fomu ya Wizara ya Ulinzi ya kuomba ndege za jeshi kwenye shughuli za umma. Anaeleza tukio ni lipi, ni lini na ni wapi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia, nayo ina sehemu yake katika fomu hiyo, maana anga la juu ya mji ni lake. Kwa ndege za Jeshi la Anga, maombi huishia kwenye ofisi ya uhusiano wa umma ya jeshi hilo huko Pentagon.

Wengi hukosea hapa: kukubaliwa kwa ombi hakuleti ndege. Maana yake ni kwamba tukio hilo sasa linaruhusiwa kupewa ndege. Baada ya hapo lazima kikosi fulani, popote nchini, kiseme kitakwenda. Kikosi huangalia ratiba yake ya mazoezi, ndege zilizo nzima, marubani wenye nafasi, halafu ndipo kijitolee. Ndiyo sababu mchezo wa Iowa unaweza kupata ndege za Oklahoma, na uwanja uliopakana na kambi ukakosa kabisa.

Na pesa? Timu hailipii ndege hizo. Saa hizo za kuruka hukatwa kwenye saa za mazoezi ambazo kila rubani lazima azitimize kwa mwaka. Jeshi hueleza kwamba kufika juu ya alama fulani kwa sekunde iliyopangwa ni mazoezi halisi, na naliona hilo kuwa kweli: rubani wa ndege ya mabomu kazi yake ni hiyo hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba jeshi linataka vijana walioko jukwaani walipende. Mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ililipa timu za michezo dola milioni 6.8 kwa shughuli za kizalendo viwanjani. Nayo bajeti huzigusa ndege moja kwa moja. Yalipokuja makato ya matumizi ya serikali mwaka 2013, Jeshi la Anga lilisimamisha shughuli hizi kuanzia Aprili, na timu za maonyesho, Thunderbirds ya Jeshi la Anga na Blue Angels ya Wanamaji, zikakaa chini msimu huo.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Septemba 1918, vita vikiendelea Ulaya, ndege za jeshi zilipita juu ya Comiskey Park, Chicago, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali za besiboli kati ya Boston Red Sox na Chicago Cubs.

Hatua ya 1: Tafuta tangazo siku mbili tatu kabla

Vikosi havifichi safari hizi, hujivunia. Tazama kurasa za timu mwenyeji, za kambi, na za kikosi chenyewe kwenye mitandao ya kijamii. Kwa Super Bowl tangazo hutoka mapema likiwa na aina ya ndege na majina ya kambi. Kwa mchezo wa chuo kikuu wa Jumamosi, gazeti la mji ambako kambi ipo ndilo lenye habari, kuliko gazeti la mji wenye mchezo. Ukiwa na shaka kati ya kambi mbili, soma magazeti ya miji hiyo miwili.

Kalenda nayo inasaidia. Ndege huwa nyingi karibu na siku za kitaifa: Memorial Day (kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa) mwishoni mwa Mei, Julai 4, Veterans Day (siku ya wanajeshi wa zamani) Novemba 11.

Hatua ya 2: Tambua aina ya ndege kwa umbo lake

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, kwa sababu aina peke yake hukata orodha ya kambi kwa kisu. Kadiri ndege ilivyo adimu, ndivyo makao yake yalivyo machache.

B-2 haina mkia kabisa. Ukiiona utadhani ni tiara kubwa nyeusi. Makao yake ya kudumu ni kambi moja tu, Whiteman, jimbo la Missouri. Kwa hiyo ukiona B-2 juu ya uwanja wa Rose Bowl, California, siku ya mwaka mpya, kazi imekwisha: imetoka Missouri. B-52 ina injini nane zilizoning'inia mbilimbili chini ya mabawa. Ni ya Minot, North Dakota, au Barksdale, Louisiana. B-1 ni ndefu, nyembamba, yenye mabawa yanayokunjika nyuma. Makao yake ni Dyess, Texas, na Ellsworth, South Dakota.

Ndege ndogo zinataka jicho zaidi. F-16 ina injini moja, mkia mmoja, na mdomo wa kuvutia hewa uko chini ya tumbo kama kidevu. F-15 ni kubwa, injini mbili, mikia miwili iliyosimama wima kama nguzo. F/A-18 nayo ina mikia miwili, ila imelalia nje. Ni ya Jeshi la Wanamaji au la Marine. F-35 ina mikia miwili iliyolalia nje lakini injini ni moja, na mwili wake umenona. F-22 ina injini mbili zenye matundu ya nyuma ya pembe nne, na vikosi vyake vya mapigano viko hasa Virginia, Alaska na Hawaii. A-10 huwezi kuikosea: mabawa yaliyonyooka, injini mbili kama mapipa mgongoni, nayo huenda polepole. T-38 ni ndogo, ina pua ndefu iliyochongoka. Ni ndege ya shule ya marubani, hivyo tafuta kambi za mafunzo kama Vance, Columbus au Laughlin.

Ukiona ndege zenye propela na rangi za Vita Kuu ya Pili, jihadhari. Nyingi ni mali ya watu binafsi au makumbusho, jeshi halihusiki. Na pengine si ndege ya vita kabisa. Kabla ya fainali ya Kombe la Dunia la raga ya Juni 24, 1995, iliyopita chini juu ya Ellis Park, Johannesburg, ilikuwa Boeing 747 ya abiria ya South African Airways.

Hatua ya 3: Soma herufi za mkiani

Hapa ndipo kazi inaponoga. Ndege nyingi za kivita za Jeshi la Anga zina herufi mbili kubwa kwenye mkia, na herufi hizo hutaja makao. Ukipata picha moja safi, umepata jibu.

LF ni Luke, Arizona. HL ni Hill, Utah. SW ni Shaw, South Carolina. FF ni Langley, Virginia. SJ ni Seymour Johnson, North Carolina. MO utadhani ni Missouri, lakini ni Mountain Home, Idaho. WA si Washington: ni Nellis, Nevada. WM ni Whiteman, EL ni Ellsworth, DY ni Dyess, MT ni Minot, LA ni Barksdale. VN ni Vance. Chini ya herufi hizo kuna namba ndogo. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa bajeti ndege ilipoagizwa, hivyo 88 ni ndege ya 1988. Iandike, maana namba hiyo ni ya ndege moja tu.

Walinzi wa Taifa wa Anga, wale wa majimbo, mara nyingi huandika herufi za jimbo: OH kwa Toledo, Ohio, WI kwa Madison, Wisconsin, CO kwa Buckley, Colorado. Wengine huandika jina zima la jimbo juu ya mkia. Wape Walinzi hawa uzito, hasa mchezo ukiwa wa Jumamosi au Jumapili. Wengi wao wana kazi za kiraia katikati ya wiki, na zamu zao za jeshi huangukia mwisho wa wiki, wakati ule ule wa michezo. Mimi nikiona F-16 juu ya uwanja wa chuo na sina fununu yoyote, huanza na Walinzi wa jimbo hilo, kisha majimbo jirani.

Jeshi la Wanamaji lina mtindo mwingine, nao huwatega wengi. Kwao herufi ya kwanza ni ya bahari: A kwa upande wa Atlantiki, N kwa upande wa Pasifiki. Ukiona F/A-18 yenye NJ usikimbilie New Jersey. Hiyo ni ya kikosi cha mafunzo cha VFA-122, Lemoore, California. AD ni ya VFA-106, Oceana, Virginia. Kwa hiyo tambua kwanza ndege ni ya jeshi gani, ndipo usome herufi.

Kupata picha kwenyewe kuna ujanja wake. Usifuate sauti. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ndege iliyo kilomita 3 unaisikia ilipokuwa sekunde tisa zilizopita, na ukielekeza kamera huko utapiga picha ya mawingu. Tazama mbele ya sauti. Kaa upande ambao jua liko mgongoni kwako, weka kamera kwenye kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, anza kubonyeza kabla hazijafika juu yako, na endelea zinapoondoka, kwa kuwa mkia huonekana vizuri zaidi ubavuni. Walio nyumbani warekodi matangazo na kusimamisha picha moja moja. Marudio ya pembeni, yale yanayoonyeshwa kabla ya mpira kuanza, mara nyingi ni safi kuliko ya moja kwa moja.

Hatua ya 4: Fuatilia kwenye ramani za ndege

Tovuti na programu za kufuatilia ndege hupokea mawimbi ya kifaa kilichomo ndani ya ndege, transponda. Baadhi huondoa ndege za jeshi kwenye ramani zao zikiombwa. ADS-B Exchange ni maarufu kwa wafuatiliaji kwa sababu haifanyi hivyo. Kila ndege ina namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu sita, na za jeshi la Marekani nyingi huanza na AE. Chuja kwa namba hizo uone ramani inavyopungua.

Ndege ndogo za kivita mara nyingi hazitangazi mahali zilipo, kwa hiyo usivunjike moyo ukikosa. Ndege za mabomu na za kujaza mafuta angani, kama KC-135, huonekana zaidi. Na ukiona KC-135 ikizunguka mduara mrefu kilomita mia mbili kutoka uwanjani saa moja kabla ya mchezo, hiyo ni ishara nzuri kwamba kuna wageni wa mbali.

Sheria ya anga inakusaidia pia. Wakati wa michezo mikubwa, ikiwamo ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), ligi kuu ya besiboli na mpira wa vyuo wa daraja la juu, kwenye viwanja vya watu 30,000 na kuendelea, anga hufungwa kwa mduara wa maili 3 za baharini, yaani kilomita tano na nusu, hadi futi 3,000, kuanzia saa moja kabla ya mchezo hadi saa moja baada yake. Vindege vya mafunzo na vya matangazo hutoweka ndani ya mduara huo. Kinachobaki ramani ikiwa tupu hivyo ni helikopta ya polisi au kile unachokitafuta.

Hatua ya 5: Elewa dakika kumi za mwisho, usidanganywe na upande zilikotokea

Wengi huona ndege zimetokea kaskazini wakahitimisha kwamba kambi iko kaskazini. Upande wa kuingilia hausemi chochote kuhusu kambi. Huchaguliwa kwa ajili ya kamera, jua, minara ya mji na njia za ndege za abiria.

Ndege hufika mapema na kuzunguka mahali palipopangwa, nje ya mji. Uwanjani, mara nyingi juu ya paa la vyumba vya waandishi, husimama mtu wa kikosi mwenye redio. Ameshamsikia mwimbaji kwenye mazoezi na ameipima saa ya wimbo. Chukua mfano wa hesabu yao: kwa kilomita 555 kwa saa, ndege hula zaidi ya kilomita 9 kwa dakika. Ikiwa mahali pa kusubiri ni kilomita 18 na nusu kutoka uwanjani, lazima waondoke dakika mbili kamili kabla ya noti ya mwisho. Mwimbaji akivuta sauti kuliko alivyofanya mazoezini, mtu wa redio huwaambia, nao hupunguza mwendo kidogo au kujipinda ili kupoteza sekunde. Ndiyo maana nawaheshimu: umati unaona sekunde sita, lakini nyuma yake kuna mazungumzo ya redio yasiyokatika.

Kuna sheria ya urefu pia. Kanuni ya kawaida juu ya sehemu zenye watu ni futi 1,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote karibu na hapo. Novemba 2010, T-38 nne kutoka Vance, Oklahoma, karibu kilomita 800 kutoka uwanjani, zilipita chini mno juu ya Kinnick Stadium, Iowa. Watu walishangilia, jeshi halikushangilia, na kiongozi wa safari hiyo alichukuliwa hatua.

Mawingu yakishuka sana safari hufutwa, hata kama watu 80,000 wanasubiri. Paa la uwanja, kwa upande mwingine, si lazima liwe kizuizi: kwenye Super Bowl ya Februari 2011 huko Arlington, Texas, F/A-18 za Wanamaji kutoka Virginia zilipita juu ya uwanja uliofungwa paa, na watu waliokuwa ndani wakaziona kwenye skrini.

Hatua ya 6: Jifunze kwa michezo ambayo majibu yake yanajulikana

Kabla ya kufuatilia mchezo usioujua, jipime kwa hii mitatu ya Super Bowl; video zake zipo.

Februari 7, 2021, Tampa. Ndege tatu za mabomu za aina tatu kwa pamoja: B-2 ya Whiteman, B-1 ya Ellsworth na B-52 ya Minot. Whiteman iko karibu kilomita 1,600 kutoka Tampa; zile mbili nyingine, zaidi ya 2,500. Zimeondoka majimbo matatu, zikakutana angani, zikapita pamoja. Tazama utakavyozitambua kwa umbo bila kusoma herufi hata moja.

Februari 12, 2023, Glendale, Arizona. Wanamaji waliadhimisha miaka 50 ya wanawake kuruka katika jeshi lao, na wanawake ndio walioziendesha. Huu ni mgumu kwa sababu aina zimechanganywa: F/A-18F, EA-18G (ndugu ya F/A-18 ya vita vya kielektroniki) na F-35C. Hufundisha jambo kubwa: kundi moja la angani laweza kuwa na makao tofauti, kwa hiyo usisome mkia mmoja ukadhani umemaliza.

Februari 2024, Las Vegas. F-16 sita za Thunderbirds, nyeupe zenye nyekundu na buluu. Makao yao ni Nellis, pembeni mwa mji huo huo. Hapa, kwa mara moja, dhana ya "kambi ya karibu" ilikuwa sahihi.

Kwa nchi nyingine kazi ni rahisi zaidi, maana timu ya maonyesho ni moja na makao ni mamoja. Uingereza ni Red Arrows wa Waddington, Ufaransa ni Patrouille de France wa Salon-de-Provence, Italia ni Frecce Tricolori wa Rivolto. Wasomaji wa Ghuba watawajua Al Fursan wa Falme za Kiarabu. Kwetu, tumezoea kuona ndege za jeshi viwanjani siku za kitaifa zaidi kuliko siku za mpira. F-5 za Kenya zinapopita siku ya Jamhuri, makao yake ni Laikipia, kule Nanyuki.

Hatua ya 7: Tafuta zilikolala

Ndege zikitoka mbali, mara nyingi marubani huruka Ijumaa, hutua kwenye uwanja wa ndege wa karibu na mji, hulala hotelini, hupita juu ya mchezo, kisha hurudi kwao siku inayofuata. Dalili kubwa ni hii: wakati wa mapumziko, au robo ya tatu, vijana wanne wenye ovaroli za urubani huletwa uwanjani kupigiwa makofi. Walikuwa angani saa moja na nusu iliyopita, kwa hiyo wametua karibu. Skrini huandika kikosi chao wakati huo. Piga picha skrini hiyo kabla ya kuwapiga wao.

Wasipoletwa uwanjani, huenda wameunganisha moja kwa moja nyumbani. Ndege kubwa za mabomu mara nyingi hufanya hivyo.

Ikiwa wamelala karibu, chagua uwanja wa ndege wenye kikosi cha Walinzi au kampuni ya huduma za ndege binafsi, maana ndege za kivita haziegeshwi kwenye milango ya abiria. Nenda asubuhi ya siku ya pili, simama nje ya uzio mahali ambapo umma unaruhusiwa, usiguse uzio wala usirushe droni. Ukiulizwa, sema ukweli kwamba unapiga picha za ndege. Huko hakuna kelele za umati wala sekunde sita. Ndege zinasogea polepole kuelekea njia ya kurukia, mkia baada ya mkia, na herufi unazisoma kwa macho matupu.